Amavubi na uwanja wa nyumbani: ubishi ambao Benin wameuacha Kigali

Benin waliondoka Kigali na pointi zao tatu, ubishi wakauacha. Vijiweni Nyamirambo na Biryogo, kwenye maegesho ya motari, ndani ya mabasi ya jioni yanayoshuka Nyabugogo, watu bado wanaulizana swali moja. Ilikuwaje Amavubi wakafungwa 1-0 uwanjani Amahoro, Oktoba 10, 2025, katika mechi ambayo ushindi ungewafikisha pointi 14, sawa na Benin wenyewe, huku mechi moja tu ikiwa imebaki katika mchujo wa Kombe la Dunia?

Rwanda haijawahi kucheza Kombe la Dunia. Kufika mechi ya tisa kati ya kumi huku hesabu bado zinakubali lilikuwa jambo geni kwa mashabiki wengi, na ndiyo maana maumivu yamekuwa makubwa kiasi hiki. Siku nne baadaye Afrika Kusini waliwachapa 3-0 kule Mbombela, na Rwanda ikamaliza ya tano kati ya timu sita ikiwa na pointi 11, nyuma hata ya Lesotho wenye 12. Kipigo hicho cha pili hakikusumbua watu sana. Ubishi ulibaki kwenye kile cha Amahoro.

Wengi wanaanza na kocha. Adel Amrouche si mgeni katika ukanda huu: amefundisha Burundi, Kenya na Tanzania kabla ya kukabidhiwa Rwanda Machi 2025. Wakenya wanamkumbuka kwa Kombe la CECAFA la mwaka 2013, na pia kwa kufukuzwa mwaka uliofuata baada ya Harambee Stars kutolewa na Lesotho katika mchujo wa AFCON. Hesabu zake Kigali ziliwapa nguvu waliotaka aondoke. Katika mechi sita za mchujo wa Kombe la Dunia alipata pointi nne, na timu ikafunga mabao mawili. Mtangulizi wake, Mjerumani Frank Spittler, alikuwa ameiacha timu na pointi saba katika mechi nne za mchujo huohuo.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mbali. Spittler hakukutana na Nigeria katika mechi zake nne; Amrouche alikutana nao mara mbili. Na huyohuyo Spittler ndiye aliyekuwa kwenye benchi Novemba 14, 2024, Libya walipokuja Kigali wakashinda 1-0 na kuiweka pabaya safari ya Rwanda kwenda AFCON ya Morocco. Siku nne baadaye Amavubi walikwenda Uyo wakawafunga Nigeria 2-1 kwao. Pointi nane walizomaliza nazo zilikuwa sawa na za Benin, lakini Benin ndio waliofuzu kwa kuwazidi Rwanda katika mechi zao mbili. Kwa maneno mengine, sare moja tu na Libya ingetosha.

Hapo ndipo mazungumzo ya vijiweni yangefaa kutulia kidogo. Ukichukua michujo yote miwili, ule wa AFCON 2025 na ule wa Kombe la Dunia 2026, Rwanda ilicheza mechi 16, nane nyumbani na nane ugenini. Nyumbani ilipata pointi tisa. Ugenini ilipata kumi. Kuna timu nyingi za Afrika ambazo hazishindi ugenini. Timu inayovuna zaidi ikiwa mbali na kwao ni jambo la nadra, na halielezwi na jina la kocha, kwa sababu makocha walikuwa wawili na hali ikabaki ileile.

Tena angalia namna pointi za nyumbani zilivyopotea. Libya walifunga bao lao katika robo saa ya mwisho. Lesotho, Machi 25, 2025, walikuwa nyuma kwa bao la Jojea Kwizera, wakasawazisha katika robo saa ya mwisho. Tosin Aiyegun wa Benin naye alifunga zikiwa zimebaki dakika kumi hivi. Mechi tatu, wapinzani watatu tofauti, na jeraha lilelile. Shabiki anayesema kwamba vijana wanachoka ana sehemu ya ukweli. Hata hivyo ugenini, kwa makocha haohao na mazoezi yaleyale, hawakuonekana kuchoka: pale Uyo walitoka nyuma na kushinda, na Septemba 2025 waliulinda ushindi wa 1-0 dhidi ya Zimbabwe mjini Johannesburg hadi filimbi ya mwisho.

Jibu linalolingana zaidi na matokeo hayo ni kwamba Amavubi wamejengwa kusubiri. Ugenini mwenyeji analazimika kuja mbele, nafasi zinafunguka nyuma yake, na Rwanda ina wachezaji wenye mbio za kuzitumia. Nyumbani mgeni hana haraka. Anakaa nyuma, anawaachia Amavubi mpira, na Amavubi wakiachiwa mpira hawajui waufanyie nini. Dakika zinakwenda, jukwaa linaanza kupiga kelele, mabeki wanapanda kusaidia, na mlango wa nyuma unabaki wazi. Ushindi wao mkubwa wa nyumbani katika kipindi hiki, wa 2-0 dhidi ya Afrika Kusini pale Huye mwezi Novemba 2023, ulikuja kwa mabao mawili ya nusu saa ya kwanza, kwenye uwanja uliolowa mvua. Baada ya hapo Afrika Kusini ndio waliolazimika kukimbiza mchezo. (Ushindi wa 2-1 dhidi ya Benin mwezi Oktoba 2024, ambao Rwanda ilitoka nyuma, hauingii vizuri katika maelezo haya. Ila ni mechi moja kati ya nane.)

Mashabiki wanaolalamikia washambuliaji kwa hiyo hawajakosea, ingawa wanawatupia lawama watu wawili watatu kwa tatizo la nchi nzima. Mabao matano katika mechi kumi za mchujo wa Kombe la Dunia ni machache mno, na ulinzi ulioruhusu tisa tu haustahili kubebeshwa mzigo huo. Ukiuliza wafungaji watoke wapi, unafika kwenye ligi, na huko nako mashabiki wamegawanyika. Klabu kubwa za Kigali zinawapa wageni kazi ya kufunga, kutoka Uganda, Burundi na Afrika Magharibi, na idadi ya wageni wanaoruhusiwa imekuwa ikipanda. Kijana wa Kinyarwanda anayecheza namba tisa anajikuta kwenye benchi, au anasogezwa pembeni kuwa winga. Wanaopinga wanataja APR FC, ambayo kuanzia 2012 hadi 2023 ilitumia wazawa peke yao, na katika miaka yote hiyo Amavubi hawakwenda AFCON hata mara moja. Ni kweli. Lakini ni katika miaka hiyohiyo Rwanda ilifika robo fainali ya CHAN, mashindano ya wanaocheza ligi za nyumbani, mara mbili: 2016 na mapema 2021. Wazawa walipopewa nafasi walipanda hadi kiwango fulani. Hawakupanda zaidi ya hapo kwa sababu ligi yenyewe haikuwasukuma.

Wapo wanaotamani njia ya mkato, ya kutafuta wachezaji nje na kuwapa pasipoti. Hao wanasahau haraka. Mwaka 2014 CAF iliiondoa Rwanda katika mchujo wa AFCON 2015 kwa kumchezesha Daddy Birori, aliyekuwa na utambulisho mwingine wa Kongo, na nafasi ikarudi kwa Congo-Brazzaville waliokuwa wamekwisha kutolewa uwanjani. Kuwaita vijana wenye asili ya Rwanda waliokulia Ulaya na Marekani, kama inavyofanyika sasa, ni jambo tofauti na halali, ila haliwezi kuwa kazi ya wiki mbili kabla ya mechi.

Suala la fedha nalo halikosi. Maneno ya Visit Rwanda yaliwekwa kwenye mkono wa jezi ya Arsenal mwaka 2018, na mikataba na klabu nyingine za Ulaya ikafuata. Amavubi wakifungwa, mashabiki huuliza mara moja kwa nini fedha hizo hazikuja kwao. Serikali hujibu kwamba ni fedha za kutangaza utalii, na katika hilo iko sahihi. Lakini katika mikataba hiyo kuna kitu kinachogusa timu moja kwa moja. Mwaka 2022 vijana wa akademia ya PSG iliyoko Rwanda walitwaa ubingwa wa dunia wa akademia za klabu hiyo kwa walio chini ya miaka 13. Watoto hao sasa wana miaka kama 16. Swali gumu kuliko la Arsenal ni watacheza wapi wakifika 18, na nani atampanga mbele mshambuliaji wa Kinyarwanda wa umri huo siku ya mechi ya Rayon Sports na APR.

Uongozi mpya wa FERWAFA, uliochaguliwa Agosti 2025, unaweza kumfukuza kocha kesho na mashabiki wakapoa kwa mwezi mmoja. Unaweza pia kutafuta mechi za kirafiki za aina isiyopendwa na wauza tiketi: kuwaleta Kigali wapinzani wadogo wanaokaa nyuma dakika 90, ili timu ijifunze kufungua mlango uliofungwa. Rwanda imekwenda AFCON mara moja tu, mwaka 2004, baada ya Jimmy Gatete kufunga Kampala na kufunga tena Kigali dhidi ya Ghana. AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Tanzania na Uganda, wenyeji wasiohitaji kuhangaikia nafasi. Kwa shabiki wa Nyamirambo, Kampala ni safari ya basi ya usiku mmoja. Mchujo utakuwa na mechi tatu za nyumbani.