KUNDI LA DAMU SI CHANJO



Kuna maneno yanayozunguka katika magenge ya reli, na tukienda likizo kwetu Ogwedhi, kule Migori, twayakuta sokoni vile vile. Yasemwa ati mwenye damu ya kundi O ana damu ngumu, hawezi kushikwa na homa ya ini, na ati wa kuogopa ni wenye A na B. Wako wenzetu waliokataa kupimwa kwa sababu hiyo. Sisi twasema maneno haya ni ya hatari.

Twajua yalikotoka. Damu ya kurithi yaweza kweli kumkinga mtu na ugonjwa fulani. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza kwamba aliyerithi alama ya selimundu kwa mzazi mmoja hashikwi upesi na malaria. Aliwajaribu Wajaluo 30. Kati ya 15 wasio na alama hiyo, 14 walipatikana na vijidudu vya malaria. Kati ya 15 walio nayo, 2 tu. Baadaye ikaonekana kwamba hata kundi O humpunguzia mtu malaria kali. Lakini malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu, na alama za makundi ziko juu ya chembe hizo hizo. Virusi vya homa ya ini havikai humo. Vyasafiri katika damu kama abiria katika gari moshi, na kituo chao ni ini.

Madaktari wa nchi mbalimbali wamelinganisha makundi ya damu na homa hii, na majibu hayapatani. Pengine wenye O walizidi kidogo, pengine walipungua kidogo. Hakuna kundi lililosalimika.

Tena sikilizeni jambo hili. Katika miaka ya 1960 Daktari Baruch Blumberg wa Marekani alikuwa akitafuta alama za kurithi katika damu za watu wa mataifa mengi. Akaona alama ngeni katika damu ya mwenyeji wa Australia, na mwanzoni akadhani ni ya kurithi. Kisha mtu ambaye damu yake haikuwa nayo akapimwa tena, akakutwa nayo. Kitu cha kurithi hakiji ukubwani! Ilikuwa alama ya virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Hata wanaopokea damu za kutoa hupima mambo mawili mbali mbali. Kwanza kundi, wajue nani aweza kuipokea. Pili usalama wake: wanatafuta UKIMWI, kaswende, na homa ya ini aina za B na C. Damu ya O yenye virusi humwagwa kama nyingine yoyote.

Sasa tuje kazini. Homa ya ini ya B haipiti kwa kula pamoja wala kwa kushikana mikono. Hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Virusi vyake huweza kuishi siku 7 nje ya mwili. Mtu akiumia penye mabehewa, nani humbeba? Ni sisi, mara nyingi kwa mikono mitupu. Kambini wembe mmoja hunyoa vichwa vinne. Na wengi walioambukizwa hawaoni dalili kwa miaka, hata ini limekwisha haribika.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga wote mwaka 2001. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi wetu hatukupata. Chanjo ya watu wazima ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita. Lakini genge huhamishwa kabla ya miezi sita, na kibarua akienda hospitali siku yake haihesabiwi. Basi nani atamaliza sindano tatu?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri kulinda afya ya watu wake kazini. Kwa hiyo twaomba chama kipeleke mezani mambo matatu. Kwanza, chanjo ilipwe na mwajiri, kwa wa kudumu na vibarua pia, na siku ya sindano ihesabiwe siku ya kazi. Pili, glavu ziwe katika kila sanduku la huduma ya kwanza. Tatu, majibu ya kupimwa yawe siri ya mtu na daktari, na asifukuzwe mtu kwa sababu ya ini lake. Aina ya C siku hizi huponywa kwa vidonge vya wiki 8 au 12, na ya B ina dawa za kuituliza. Mgonjwa aliyejulikana mapema aweza kufanya kazi miaka mingi.

Na sisi wanachama tuna wajibu wetu. Kila mtu awe na wembe wake. Kila mtu apimwe, na asiye na ugonjwa achanjwe. Nyapara akituuliza kama tumechanjwa, tusimjibu, "Mimi ni O." Hilo si jibu la swali lake.