Historia kwenye iniversite: silabusi peke yake haitoshi

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mfumo wa LMD umeanza kuenea kwenye iniversite zetu. Unaomba mwanafunzi afanye pia kazi yake mwenyewe, si kusikiliza tu. Lakini mu masomo ya historia, fasi nyingi mambo ni yale yale: profesa anasoma, wanafunzi wanaandika, wananunua silabusi, wanaikariri mpaka siku ya mtihani, kisha inaisha.

Kwa sisi wa Kivu, Ituri na Maniema, hili si jambo dogo. Huku historia njo inatumika kusema nani mwenyeji na nani mgeni, na shamba ni la nani. Kijana asiyefundishwa kupima masimulizi ataamini lolote linalopita kwenye WhatsApp.

Njia ingine iko, na haikutoka mbali. Lubumbashi, kuanzia mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, ulikusanya kumbukumbu za wakaaji na kuzionyesha kwenye muzeo. Mbele ya hapo, miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi kwa picha karibu 100, akamueleza Johannes Fabian kwa Kiswahili. Tena mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Élisabethville vile maboyi walivyoiona.

Mwalimu anaweza kuweka picha moja kama hizo mbele ya wanafunzi na kuuliza: nani anasema? Anaacha nini? Ripoti ya wakoloni inasema nini juu ya jambo lile lile? Kisha awatume ku kartie zao: wasikilize wazee wawili wasioelewana juu ya soko, barabara ao bei ya kahawa ya zamani, waandike yote mawili na kulinganisha.

Matatizo yako. Oditwari imejaa, transport ni pesa, na kuuliza juu ya mauaji kunaweza kuhatarisha anayejibu. Kwa hiyo waanze na mambo madogo, waombe ruhusa, wafiche majina.

Wazazi wanaolipa minervali wana haki ya kuuliza: mtoto wetu amejifunza kuchunguza, ao amejifunza kukariri tu? Huku kwetu, tofauti ya hayo mawili inaweza kuamua kama majirani watazungumza ao watapigana.