Dawa ya Mbegu Haifufui Mpunga Uliokufa

Jina la Bonde la Mpunga, Msasani wilayani Kinondoni, linakumbusha kuwa mpunga si mgeni jijini Dar es Salaam. Kwa wakulima wa pembezoni, kuanzia Kinondoni hadi Temeke, dawa ya mbegu hukinga chipukizi dhidi ya kuvu na wadudu wa udongoni, lakini haihuishi mbegu iliyokufa. Aidha, ikizidi kipimo inaweza kuchelewesha uotaji na kudumaza mizizi.

Masika hayamsubiri anayerudia kitalu. Hivyo, mkulima aoteshe kwanza punje 100 zenye dawa na 100 zisizo nayo kwenye vitambaa vyenye unyevu, kisha alinganishe miche. Mbegu zilizothibitishwa na TOSCI zipewe kipaumbele. Zenye dawa zikibaki, zisikobolewe wala kulishwa kuku.