Pesa za Bonasi na Jahazi la Lamu: Msilipe Zote kwa Simu

Bonasi ya chai ikiingia, kila nyumba ina mipango: karo, mabati, ng'ombe wa gredi. Lakini kikundi kimoja cha kina mama wakulima kimetuuliza jambo ambalo hatukulizoea. Wanataka kukodi jahazi siku tatu mwezi wa Desemba, wazunguke visiwa vya Lamu. Mwenye jahazi anataka pesa zote leo, kwa simu. Je, watume?

Sisi tunasema hapana. Na kumbukeni tunapata ada kila mnapotuma, kwa hivyo tukiwaambia msitume, hatujipendelei.

Safari yenyewe hatuipingi. Mtu aliyeamka alfajiri miaka ishirini kuchuma majani mawili na chipukizi, baridi ikimuuma vidole, akitaka kuona bahari, nani wa kumwambia ni anasa? Ng'ombe watanunuliwa mwaka ujao.

Shida ni kwamba huyo mtu wamemjua kwa picha za Facebook tu. Walipoweka namba yake, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mtu mwingine. Akasema ni mke wake. Huenda ni kweli, lakini pesa za watu kumi na wawili hazitumwi kwa "huenda". Akishazitoa kwa wakala, hata mkitupigia usiku huo huo, hatuna pa kuzirudisha kutoka.

Lipeni arbuni peke yake, kiasi ambacho mkikipoteza hamtagombana. Iende kwa till ya biashara yenye jina mlilopewa, si kwa namba ya mtu. Salio mlipe mkishaliona jahazi na maboya ya kujiokolea, maana wengi wetu huku milimani hatujui kuogelea. Ujumbe wa malipo usifutwe. Na jamani, mchango wa kikundi usikae kwenye simu ya mweka hazina kana kwamba ni pesa zake. Hilo tumelisema mpaka tumechoka.

Kuna kipimo kingine, na hiki hakina ada. Bahari ya Lamu ina saa zake. Kusi hupiga katikati ya mwaka na mawimbi huwa makali. Desemba ni kaskazi, ndiyo maana tarehe zao ni nzuri. Kisha kuna maji kujaa na kupwa. Ukitoka mji wa Lamu kuelekea Pate kwa ndani, unapita Mkanda, mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na jahazi hulipitisha maji yakijaa. Magofu ya Takwa, hapo hapo Manda, ni vivyo hivyo: hori lake lina mikoko, na maji yakipwa chombo hakifiki.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza PIN, mpigieni nahodha mumuulize: "Siku yetu ya kwanza tutapita Mkanda saa ngapi?" Anayeijua kazi atauliza kwanza ni tarehe ngapi, ahesabu mwezi, ndipo akupe saa.

Kina mama wetu walimpigia wakiwa wameweka simu kwa spika, sote tukisikiliza.

"Saa yoyote mnayotaka, mama," akajibu.

Wanatafuta nahodha mwingine. Desemba bado.