Riba ya Gavana na Kikoba cha Mama

Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilibadili namna ya kuendesha sera ya fedha. Kwa miaka mingi ilikuwa ikilenga ujazi wa fedha. Sasa ikatangaza riba yake, asilimia 5.5, na kuifanya ndiyo usukani. Uganda ilikwisha kupita njia hiyo mwaka 2011. Muhula huohuo wanafunzi wangu wa mwaka wa pili walikuwa wakikariri mchoro wa IS-LM kwa ajili ya mtihani.

Mchoro huo ni wa John Hicks, wa mwaka 1937, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kikuu cha Keynes, na mpaka leo naupenda. Lakini mstari wa LM, yaani wa soko la fedha, tunaoufundisha, ule unaopanda kuelekea kulia, una sharti lake: benki kuu imeshika ujazi wa fedha, riba ndiyo inayoyumba. Ikishika riba, ujazi wa fedha ndio unaofuata, na mstari unalala. Sharti lile limeondolewa nchini mwetu, tena kwa tangazo la hadharani, nasi darasani tukaendelea kuchora mstari unaopanda. Mimi nilikuwa mmoja wa waliochora hivyo.

Nilizinduka kwenye semina. Kijana mmoja alichora ubaoni, safi, kwa rula. Nikamuuliza: riba ya 5.5 iko wapi hapo? Akautazama mchoro wake, kisha akaiweka chaki mezani. Binti aliyekaa nyuma akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Mama yangu anauza samaki, anakopa kwenye kikoba, riba asilimia 10 kwa mwezi. Hiyo ya Gavana itamfikia kwa njia gani?"

Swali hilo ndilo somo lenyewe la uchumi jumla. Riba ya Benki Kuu huongoza kwanza riba ya mikopo ya siku 7 ambayo mabenki hukopeshana. Kutoka hapo inatarajiwa iguse riba za amana na mikopo, thamani ya shilingi, na mwishowe bei za sokoni. Njiani inavuja. Kuna benki inayoona heri kuikopesha serikali kwa hatifungani, kuna mkopaji asiye na hati ya nyumba, kuna kikundi kinachokopeshana akiba yake chenyewe. Mikopo ya benki zetu hutozwa riba ya wastani wa karibu asilimia 15 kwa mwaka. Kikoba kile, 10 kwa mwezi. Kitabu cha kiada kilichoandikiwa wanafunzi wa Marekani hakina sababu ya kulieleza pengo hilo. Sisi tunayo.

Sisemi kitabu kiwekwe kando. Bila mchoro, swali la binti yule lingebaki manung'uniko. Mchoro ndio unaotuonyesha mnyororo umekatikia wapi. Ninachodai ni kwamba kila mstari uulizwe: nani hapa ameshika nini? Na taarifa ya uchumi ya kila mwezi ya Benki Kuu isomwe darasani tangu mwaka wa kwanza, si kuachiwa wanaoandika tasnifu.

Makala ya kwanza ya toleo hili la jarida ni ya binti yule. Aliketi na daftari la kikoba cha mama yake, akanakili kila mkopo tangu Januari 2024. Aprili mwaka ule riba ya Benki Kuu ilipanda hadi asilimia 6. Ya kikoba haikusogea.