Bwana Shamba na Wewe: Kwa Nini Madaktari Hupoza Moyo?



Mwezi uliopita nilikwenda kwa mkulima mmoja kutazama mihogo yake. Nilimkuta hana raha. Mtoto wake wa miaka minne ana tundu kwenye moyo. Daktari amesema apasuliwe. Mkulima akaniambia, "Bwana shamba, nasikia wanausimamisha moyo na kuutia baridi. Moyo wa baridi si ndiyo maiti? Sitampeleka."

Mimi si daktari. Nilikwenda kumwuliza daktari, naye akanieleza. Leo nakueleza na wewe.

Fikiri mchicha. Mchicha ukishachumwa bado una uhai. Unapumua, na unatumia akiba iliyobaki ndani ya majani. Ukiuacha juani, akiba hiyo huisha upesi, nao hunyauka. Ukiuweka mahali pa baridi, hupumua polepole na kudumu.

Moyo nao ni hivyo. Moyo ni msuli unaosukuma damu. Unahitaji hewa ya oksijeni iliyomo katika damu. Damu isipoufikia, moyo wenye joto humaliza akiba yake upesi na kuanza kuharibika. Moyo uliosimama na kupozwa hutumia hewa kidogo sana. Akiba yake hudumu zaidi.

Basi tofauti ni hii. Maiti hupoa baada ya kufa. Moyo wa mgonjwa hupozwa kabla haujaumia, ili usife.

Tarehe 2 Septemba 1952, mjini Minneapolis, Marekani, Daktari F. John Lewis alimpasua msichana wa miaka 5 mwenye tundu kwenye moyo. Kwanza walimpoza mwili, kutoka joto la kawaida la nyuzi 37 hadi nyuzi 28. Kisha walizuia damu isiingie moyoni kwa dakika tano na nusu, wakaziba tundu. Halafu walimpasha joto kwa maji ya moto kiasi, ndani ya hori la kunyweshea mifugo! Mtoto akapona.

Siku hizi iko mashine inayosukuma damu na kuitia hewa badala ya moyo na mapafu. Mara nyingi madaktari huingiza moyoni dawa ya baridi yenye potasiamu. Moyo husimama, nao hushona. Kisha damu yenye joto hurudishwa, na moyo huanza kupiga tena. Kazi hii hufanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Upasuaji una hatari zake. Mwulize daktari kila unachokiogopa. Lakini usikatae kwa sababu ya uvumi.

Angalia pia: kupoza mwili ni kazi ya hospitali. Usijaribu nyumbani. Mtoto mchanga hasa anahitaji joto.

Je, mtoto wako anachoka na kutoka jasho anaponyonya? Haongezeki uzito? Midomo yake inageuka rangi ya bluu? Mpeleke zahanati leo.

Mkulima yule amekwenda na mtoto wake kuonana na daktari. Mihogo ameiacha shambani. Mihogo hukaa ardhini ikakungoja. Ugonjwa wa mtoto haungoji.

Wako katika kazi,
Bwana Shamba