Sanamu ya Mnyama wa Kale Isitoe Ushahidi wa Uongo

Askari polisi aandikapo taarifa ya tukio hutenganisha aliyoyaona kwa macho yake na anayoyadhani. Akiyachanganya, huenda mtu asiye na hatia akalala korokoroni. Naomba kanuni hiyo ifuatwe pia iwapo Jumba la Makumbusho la Uganda litaagiza sanamu ya mnyama wa Napak.

Mwezi Julai 2011, huko Napak, Karamoja, ambako wengi wenu mmepata kulinda, wachimbuzi wa Uganda na Ufaransa walipata fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe, Ugandapithecus major, aliyeishi yapata miaka milioni 20 iliyopita. Fuvu hutuambia habari za meno na za ukubwa wa kichwa. Rangi ya manyoya halituambii, wala umbo la masikio. Hata hivyo mchongaji hawezi kutuletea kichwa kisicho na masikio. Hana budi kubuni. Naye mtoto wa shule atakayeitazama sanamu atajuaje lipi ni mfupa na lipi ni dhana?

Yaliyotokea London yatufunze. Mwaka 1854 watu walionyeshwa huko Sydenham sanamu za Benjamin Waterhouse Hawkins, zilizojengwa kwa matofali, chuma na saruji. Iguanodoni alipewa pembe puani. Mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart, Ubelgiji, wakafukua mifupa mizima ya mnyama huyo, na ile pembe ikaonekana kuwa ni mfupa wa kidole gumba! Simlaumu Hawkins, alikuwa na vipande tu, na kazi yake yapendeza mpaka leo. Lakini saruji haifutiki kama wino, na pembe ingali puani.

Kwa hiyo mkataba wetu umtake fundi, kabla ya kulipwa, aeleze kila kiungo amekitoa wapi: katika mfupa, katika wanyama walio hai, au katika mawazo yake. Maelezo hayo yabandikwe miguuni pa sanamu. Kichwa nacho kiweze kubadilishwa.

Nanyi mlioko doria Karamoja, mkiona mfupa uliogeuka jiwe, msiung'oe. Wekeni alama, mtoe taarifa. Mfupa ulioondolewa katika tabaka lake ni kama ganda la risasi lililookotwa kabla mpelelezi hajafika.